Barua ya wazi: Mpeni mwongoza wageni ruhusa ya kusema "leo hatuendi"

Kwa wasimamizi wa misitu ya hifadhi, maofisa utalii na maliasili wa halmashauri, bodi ya maji ya bonde, na wote wenye sauti juu ya njia za maporomoko ya maji katika Nyanda za Juu Kusini.

YAH: MALIPO NA MAMLAKA YA MWONGOZA WAGENI KWENYE SAFARI ZA MAPOROMOKO

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika mapema, kabla mvua za Novemba hazijaanza, kwa sababu zikishaanza kila mtu anakuwa na haraka na hakuna anayesoma barua. Mimi ni mwongoza wageni. Nafanya kazi kwenye msitu wa Mlima Rungwe, na wageni wakitaka nawapeleka hadi Ngosi kuona ziwa. Lakini wengi siku hizi wanataka maji yanayoanguka. Wanashuka ndege Songwe au basi Mbeya mjini, wanakuja na picha kwenye simu, wanasema, "Tupeleke hapa."

Ombi langu ni moja, ingawa lina miguu miwili. Mwongoza wageni alipwe kwa siku aliyotoka nyumbani, na si kwa kumfikisha mgeni kwenye maji. Na akisema njia haipitiki, neno lake lisimame, mgeni apewe siku nyingine kwa tiketi ile ile. Mengine yote nitakayoandika ni kueleza kwa nini jambo dogo namna hii linastahili muda wenu.

Kwa wasioijua, safari yenyewe haianzii msituni. Inaanzia kijijini, kwenye migomba na miparachichi, unapita chai au viazi kutegemea umeingilia upande gani, halafu miti inafunga na joto linaondoka. Upande wa kusini mashariki wa mlima hupata hadi milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, na ukitembea pale unaiamini namba hiyo hata siku ya jua. Mashina yamevaa kijani toka mizizini hadi kwenye matawi. Kuna mikangaga yenye shina refu kumpita mtu. Njia ni udongo mweusi, mwepesi, na chini yake kuna vijiwe vya volkano ambavyo ukivitupa majini vinaelea. Vilimwagwa na mlipuko mkubwa wa Rungwe wa miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Udongo huo unafaa sana kwa ndizi. Kwa kutembea, ukilowa, haufai kitu. Mgeni aliyekuja na yeboyebo anajuta kwenye siafu, na aliyekuja na raba nyeupe za mjini anajuta kwenye mzizi wa kwanza.

Maporomoko unayasikia kabla hujayaona, na kazi yangu inaanzia hapo, kwenye sikio. Mzee aliyenifundisha njia hizi hakunifundisha kwanza majina ya miti. Alinikalisha kwenye jiwe, akaninyamazisha, akasema, "Mwipwa, sikiliza mpaka uyajue maji haya yakiwa na afya." Nilidhani ananichosha tu. Kumbe alitaka nijue sauti ya kawaida, ili siku ikibadilika mwili ushtuke kabla ya akili.

Maana mvua inayoua chini ya maporomoko si lazima ikunyeshee wewe. Inanyesha juu, karibu na kilele cha mita zipatazo 2,960, wakati huku chini wageni wako kwenye jua wanapiga picha. Makorongo ya mlima huu ni membamba na yameshuka wima, maji hayana pa kutawanyikia, kwa hiyo yanakuja yote kwa pamoja. Dalili zipo, lakini ni za muda mfupi. Maji yanapoteza weupe na kuanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Yanaleta majani mabichi, siyo yale makavu ya kila siku. Upepo wa baridi unatoka korongoni bila sababu. Mimi nikifika huwa nachagua jiwe moja lililo pembeni mwa maji na kulitia jicho. Jiwe likianza kumezwa, hakuna mjadala, tunapanda. Hatupandi kurudi njia tuliyojia kama inavuka mto. Tunapanda ukingo ulio karibu na kukaa huko hadi maji yapungue, hata ikibidi giza litukute.

Haya yote mwongoza wageni mzuri anayajua. Tatizo letu halijawahi kuwa ujuzi. Tatizo ni kwamba kuyatumia kunamgharimu.

Tuje kwenye fedha. Kwenye njia ninazofanyia kazi, mwongoza wageni wa kijijini analipwa safari ikikamilika, na kukamilika maana yake ni mgeni kuyaona maporomoko. Hela inapita kwa dereva au kwa kampuni iliyomleta mgeni, na sisi tunapewa tukirudi garini. Tukiishia njiani, mgeni anataka chake, kampuni inasema imeshalipia mafuta, na kiingilio kilicholipwa kwa namba ya malipo kinakufa jioni ile ile. Anayebaki bila kitu ni mmoja. Yaani tumemkabidhi mwenye njaa kuliko wote uamuzi wenye gharama kuliko yote. Halafu tunashangaa vijana wakisema "twende tu, mvua hii haina kitu".

Nilipata kundi moja kipindi cha masika, watu wazima na watoto wawili, wameletwa na kampuni ya mjini ambayo sitaitaja. Anga lilikuwa safi juu yetu, lakini upande wa kilele kulikuwa kweusi. Tulipofika mahali pa kuvukia, maji yalikuwa yameshaanza kubeba majani mabichi. Nikawaambia tunarudi. Baba mwenye familia alinielewa mara moja. Alimshika mtoto mkono na kugeuka. Aliyekuwa mkali ni mtu wa kampuni. Alisema nimewaharibia ratiba, kwamba wageni walikuwa na Daraja la Mungu, lile la mawe ya asili juu ya Mto Kiwira, jioni hiyo, kwamba wenzangu wangewavusha. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililonikera. Sikulipwa. Kampuni ile haijawahi kunipigia tena, na kazi zake zinakwenda kwa wanaovusha.

Mimi nina shamba, nina ndizi, naweza kuvumilia kukosa kampuni moja. Kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, anayetegemea wageni kulipa kodi ya chumba pale Tukuyu, hawezi. Huyo ndiye ninayemwandikia barua hii, ingawa nimeielekeza kwenu.

Najua swali la kwanza litakalokuja: ni jukumu la nani? Na hapo, waheshimiwa, mniruhusu nitabasamu kidogo. Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Mlima Rungwe, uliotangazwa mwaka 2009, unasimamiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Ukivuka ng'ambo kwenda Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, uko mikononi mwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Maji yakishatoka msituni na kuingia Kiwira au Mbaka kuelekea Ziwa Nyasa, ni ya bodi ya maji ya bonde. Ardhi tunayoikanyaga kabla ya mpaka wa msitu ni ya kijiji, na wilaya yetu moja ina halmashauri mbili, Rungwe na Busokelo. Leseni za biashara ya utalii ni za wizara, kwa Sheria ya Utalii ya 2008. Tahadhari ya mvua hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Maporomoko mamoja yana wakubwa wengi kuliko mtoto wa mke mdogo. Sisemi ofisi yoyote kati ya hizi imekosea. Nasema kwamba kati ya karatasi zote zilizowahi kupita mikononi mwangu, sijaona hata moja inayotaja nani anafunga njia saa nane mchana mvua ikianza kilimani. Aliyepo saa nane mchana ni mimi. Basi niandikwe mimi.

Wapo watakaosema hofu hii ni ya kizee. Nawaomba watazame wenzetu wanaoishi kwa biashara hii hii, watu wa visiwa vya Hawaii, ambako msitu wa mvua na maporomoko ni mkate wa kila siku. Kisiwani Oahu palikuwa na hifadhi iitwayo Sacred Falls, mwendo wa korongoni hadi chini ya maji, maarufu sana kwa familia. Tarehe 9 Mei 1999, siku ya Jumapili ya akina mama, mawe yaliporomoka kutoka ukutani mwa korongo yakaua watu 8 na kujeruhi makumi. Njia ile ilifungwa na haijafunguliwa hadi leo. Kisiwa cha Kauai, watu hutembea karibu kilomita 6.5 kuyafikia maporomoko ya Hanakāpīʻai, na njiani wanavuka kijito. Aprili 2014 kijito hicho kilijaa ghafla, watembeaji 121 wakakwama, ikabidi helikopta ziwatoe. Sisi helikopta hatuna. Tuna bodaboda, na hiyo inaishia barabara inapoishia.

Lakini jambo la kujifunza Kauai lilikuja baadaye. Aprili 2018 ilinyesha mvua ya milimita 1,262 ndani ya saa 24 kaskazini mwa kisiwa, ikavunja barabara na kufunga kila kitu. Walipofungua tena mwaka 2019 hawakurudisha mambo kama yalivyokuwa. Waliweka ukomo wa wageni 900 kwa siku na wageni wa nje wakatakiwa kujiandikisha kabla. Hawakuogopa kwamba watalii watakimbia. Hadi leo watu wanapigania nafasi.

Na kwa nini tuende mbali? Pale Jozani, Unguja, ambako hakuna maporomoko wala mlima, sehemu ya kiingilio inarudi kwa vijiji vinavyouzunguka msitu. Watu wale wameshajua kuwa msitu una mwenyeji, na mwenyeji ana bei yake.

Kuhusu thamani ya mwenyeji, Rungwe tuna ushahidi ambao nashangaa hatuutumii. Mwaka 2003 watafiti wa wanyamapori waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa vijiji vya mlimani waliambiwa kuna nyani wa ajabu msituni, anaitwa kipunji. Mwanzoni hawakuwa na uhakika kama ni mnyama au ni hadithi, maana Wanyakyusa hatuna uhaba wa hadithi. Mwaka huo huo wakamwona. Mwaka 2005 akatangazwa kwa dunia kuwa aina mpya, na mwaka 2006 vipimo vikaonyesha kuwa anastahili jenasi yake peke yake, yaani kundi lake la ukoo. Afrika ilikuwa haijapata jenasi mpya ya nyani tangu 1923. Jenasi hiyo ina jina la mlima wetu. Hesabu iliyotolewa 2008 ilikuta kipunji 1,117 tu, katika misitu ya huku kwetu na katika kipande cha msitu wa Ndundulu kule Udzungwa. Ugunduzi wa mnyama mkubwa namna ile ulianza na mtu wa kijijini aliyesema "yupo", na msomi aliyekubali kumsikiliza. Nauliza kama mtu huyo huyo akisema "maji yanakuja" kuna ugumu gani kumsikiliza.

Nigusie kidogo Iringa, maana ndugu zangu wa Kilolo na Mufindi watanilaumu nisipowataja. Wao wana korongo la Kihansi mpakani mwao na Morogoro. Chura mdogo wa pale, aliyegunduliwa mwaka 1996, aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, si kwingine kokote duniani. Bwawa la umeme lilipochukua maji mwaka 2000 manyunyu yakapungua, ugonjwa wa fangasi ukaongezeka juu yake, na kufikia 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliokuwa wamehifadhiwa Marekani ndio waliorudishwa kuanzia 2012. Nalisema hili kwa wale wanaodhani kazi yetu ni kuonyesha njia tu. Ile hatua tatu nne zenye manyunyu, ambako kila mgeni anataka kusimama, ndipo mahali dhaifu kuliko pote msituni. Mwongoza wageni anayelipwa kwa siku ana utulivu wa kuwaambia watu wasimame hapa na wasikanyage pale. Anayekimbizana na dereva hana.

Sasa nije kwenye zege. Nasikia mipango ya ngazi, mabanda, vyoo na mahali pa kupigia picha. Vyoo, naam, tena kesho. Mabanda ya kujikinga mvua, asanteni. Ngazi zina mahali pake. Kwenye maporomoko marefu ya Kalambo kule Rukwa, yenye zaidi ya mita 200, sioni mtu angeshukaje salama bila kushika kitu. Hata Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu, ambako mtu anaweza kuingia pangoni nyuma ya maji yenyewe, vyuma vya kushikia vingesaidia wazee. Lakini zege ndani ya msitu wa mvua huota utelezi kabla mwaka haujaisha. Mgeni akiona ngazi anaamini kuwa serikali imeshamhakikishia usalama, anaacha kumtazama mwongozaji, anamtanguliza mtoto. Ngazi haijui kuwa kilele kimefunga mawingu. Nikipewa kuchagua kati ya ngazi mia na waongozaji kumi waliofundishwa huduma ya kwanza, wenye kamba, filimbi na redio ya mkononi ya kuongea na geti kule ambako simu hazishiki, sihitaji muda wa kufikiri.

Ninachoomba kinaweza kufanyika bila kusubiri sheria mpya bungeni. Ofisi zinazogusa njia hizi zikae siku moja pamoja na kamati za maliasili za vijiji na kuandika kanuni ya ukurasa mmoja. Iseme kwamba hakuna kundi linaloingia kwenye njia ya maporomoko bila mwongozaji wa eneo hilo aliyesajiliwa. Iseme malipo yake yanatolewa getini asubuhi, pamoja na kiingilio, kwa risiti, kisha yeye apewe chake hata kundi likirudi nusu ya njia. Iseme tiketi ya safari iliyokatishwa kwa sababu ya mvua inatumika siku nyingine, tuseme ndani ya mwaka mmoja; mgeni wa Dar anaweza kurudi, na wa Ulaya asiporudi atakuwa ameuchangia msitu. Iweke ukomo wa watu kwa mwongozaji mmoja. Mimi ningesema 8, na nisingegombana na atakayesema 6. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la mvua kubwa kwa Mkoa wa Mbeya, mtendaji wa kijiji awe na wajibu wa kutupigia simu asubuhi hiyo, tusilisikie redioni jioni tumesharudi, au hatujarudi.

Kampuni zitalalamika. Nadhani zitalalamika msimu mmoja. Mgeni aliyelipa getini hatakuwa na sababu ya kumgombeza dereva, na dereva hatakuwa na sababu ya kumtafuta kijana anayevusha. Kwa kweli hata wao tunawatua mzigo.

Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sijawahi kusikia mahali ambapo mwenyeji anapona kwa kumpoteza mgeni mtoni.

Vikao vya bajeti vinakuja. Kabla hamjapitisha fedha za zege, nawakaribisha mje mtembee nasi, siyo siku ya uzinduzi yenye mahema na ngoma, bali siku ya kawaida ya mwezi wa pili au wa tatu. Njooni mapema, saa moja asubuhi tuwe tumeshaanza, kwa sababu mchana mvua ndiyo mwenye njia. Vaeni buti zenye meno, mbebe koti la mvua na soksi za kubadilisha. Chai na ndizi tutawapa sisi. Mkifika kwenye kivuko nikawaambia turudi, tutarudi, na mimi nitaomba malipo yangu ya siku.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwongoza wageni wa kijijini,
Wilaya ya Rungwe, Mbeya